Uzi: Kihuni, kijeuri, kifidhuli, kijuvi, kishenzi, ovyo… vielezi vya utovu wa adabu si visawe kamili

Msahihishaji

Wakuu, tuliweke hili mahali pamoja. Mtu akiuliza kisawe cha "vibaya" au "bila adabu", hupewa rundo zima: kihuni, kishenzi, kijeuri, kifidhuli, kijuvi, kinyama, ovyo. Kisha anaambiwa achukue lolote, yote ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Ukibadilisha moja kwa jingine bila kupima, sentensi itabaki sahihi kisarufi, ila itamsingizia mtendaji kosa ambalo hakulitenda.

Vielezi vingi vya kundi hili huanza na ki-, na nyuma ya hiyo ki- kuna mtu amesimama. Kabla hujachagua, mtazame mtu huyo.

Kihuni: mhuni ni mtu asiye na makao wala kazi maalumu, anayerandaranda bila kufungwa na kanuni za watu anaoishi nao. Kwa hiyo kinachovunjwa ni utaratibu wa jamii. Mtu huvaa kihuni, hutembea kihuni, huzungumza kihuni. Hata mkataba huweza kuvunjwa kihuni, yaani bila kujali makubaliano. Si lazima mtu aumizwe.

Kijeuri: jeuri limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya uonevu, dhuluma. Kiswahili kimelisogeza: jeuri wetu ni yule anayekaidi na kuonyesha wazi kwamba anakaidi. Kielezi hiki kinadai pawe na amri, ombi au onyo lililotangulia. "Aliambiwa ashuke, akakaa kijeuri" imetimia. "Alipita barabarani kijeuri", bila chochote kilichotangulia, inamwacha msomaji akijiuliza alikuwa anamkaidi nani.

Kifidhuli: Kiarabu kilimwita hivyo mtu anayejiingiza katika yasiyomhusu. Kwetu limebeba kiburi na dharau. Fidhuli humtazama mwenzake kama kitu kidogo. Tofauti yake na jeuri ni mwelekeo: jeuri hupinga aliye juu yake au anayemwamuru, fidhuli hudharau, na mara nyingi ndiye anayejiona yuko juu.

Kijuvi: mzizi ni kujua. Mjuvi anajitia kujua na kusema yasiyo ya kiwango chake, hasa mbele ya wakubwa. Ndiyo maana kielezi hiki humwendea zaidi mtoto au kijana. Kumwambia mzee amejibu kijuvi ni tusi lenyewe, kwa sababu unamshusha umri.

Kisafihi: safihi ni Kiarabu pia, mtu mwepesi wa akili, mpumbavu. Kwetu usafihi umekaa mdomoni: maneno machafu, ya kufedhehesha. Kielezi hiki huenda na vitenzi vya kusema. "Alimsukuma kisafihi" haina nguvu. "Alimjibu kisafihi" inayo.

Kinyama na kihayawani: vyote viwili humfananisha mtendaji na mnyama (hayawani ni mnyama kwa Kiarabu). Sharti lake ni kuwepo aliyeteswa. "Aliwapiga kinyama" sawa. "Alijibu kinyama" si sawa, labda unazungumza lugha ya mitaani, na hiyo ina habari yake.

Kalamu ya Mwanzi

Shukrani, mkuu. Naomba tuongeze kibabe na kimabavu, maana watu huzichanganya na kijeuri. Mbabe ana nguvu na anajua kuwa anazo. Mtoto mdogo anaweza kujibu kijeuri, lakini hawezi kumpokonya mtu mzima kitu kibabe. Kimabavu hakina mtu nyuma yake, kina kitendo: mabavu ni nguvu inayotumika kulazimisha. Kwa hiyo kikundi, serikali au jeshi vinaweza kufanya jambo kimabavu bila mwandishi kuzungumzia tabia ya mtu mmoja mmoja.

Bi Sarufi

Nataka kuingia kwenye uundaji, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Njia kuu ni 4.

Ya kwanza ni ki- na mzizi wa nomino. Ondoa kiambishi cha ngeli kwanza, ndipo uweke ki-: m-huni hutoa kihuni, m-shenzi kishenzi, m-juvi kijuvi, m-nyama kinyama. Nomino isiyo na kiambishi huchukua ki- moja kwa moja: fidhuli, kifidhuli, hayawani, kihayawani.

Watu wengi huteleza hapa kwa kuunda "kiuhuni" na "kiushenzi". Wanaanza na nomino ya dhana, uhuni, kisha wanaibandika ki- ikiwa na u- yake. Muundo huo upo katika Kiswahili, lakini una kazi nyingine: kiuchumi, kiutamaduni, kiusalama humaanisha "kwa upande wa uchumi, utamaduni, usalama". Hautaji mfanano. Ukitaka kusema mtu ametenda kama mhuni, u- haina nafasi. Msidanganywe na kiungwana: ile u ni ya mzizi wenyewe, -ungwana.

Ya pili ni vi- na mzizi wa kivumishi: vibaya, vizuri, vyema. Hapa vi- haipatani na chochote. Mtoto analia vibaya, watoto wanalia vibaya. Tahadhari na "kibaya": "amefanya kibaya" maana yake ametenda jambo baya, na hiyo kibaya imekaa mahali pa nomino. Na "anaongea mbaya" ni lugha ya mazungumzo tu, haifai kwenye maandishi sanifu.

Ya tatu ni kwa na nomino: kwa jeuri, kwa ufidhuli, kwa dharau, kwa kebehi, kwa pupa. Usirundike njia mbili pamoja: "kwa kijeuri" na "kwa kihuni" ni makosa. Ama kijeuri, ama kwa jeuri. Ukihitaji kirefu, sema "kwa njia ya kihuni", ambapo "ya kihuni" inaivumisha njia.

Ya nne ni bila au pasipo na jina la kile kilichokosekana: bila adabu, bila haya, bila soni, bila staha, bila heshima, bila murua. Hizi nazo watu huziona sawa, wakati adabu hufunzwa, haya huhisiwa. Asiye na adabu hakufunzwa au amepuuza alichofunzwa. Asiye na haya anajua anachofanya ni aibu, na hakimchomi. Heshima na staha zina mtu wa kupewa: "alizungumza bila staha" hukamilika tukijua mbele ya nani.

Na neno moja kuhusu upatanisho: ki- ya kielezi haigeuki. Vitendo vya kihuni, mavazi ya kihuni, lugha ya kihuni. Nimeona "vitendo vya vihuni" zaidi ya mahali pamoja kwenye matini zilizochapishwa.

Mfasiri wa Usiku

Bi Sarufi, shikamoo. Vielezi vya ki- vyote ni vikali. Ripoti za kazi, kanuni za nidhamu na tafsiri za sheria zinahitaji neno linalosema "si sawa" bila kutukana. Tunatumia nini?

Bi Sarufi

Marahaba. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kirejeshi cha namna, -vyo-, katika ukanushi: isivyofaa, isivyopasa, isivyostahili, isivyo halali. "Alimgusa isivyofaa." "Alitumia gari la ofisi isivyo halali." Hakuna mhuni wala mnyama hapo, kuna kipimo tu, na kitendo kilichokikosa kipimo hicho.

Isivyofaa na isivyopasa hazilingani kabisa. Kufaa ni kukubalika na kuendana na mahali au wakati. Kupasa ni wajibu. Mtu aliyevaa nguo za kuogelea kwenye mazishi amevaa isivyofaa. Ofisa aliyetoa siri alizokula kiapo kuzitunza ametenda isivyompasa.

Kando ya hizo kuna "kinyume cha": kinyume cha maadili, kinyume cha taratibu, kinyume cha sheria. Hizi ni nzuri zaidi pale ambapo kanuni ipo kwenye maandishi, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuisoma.

Msahihishaji

Niongeze "ndivyo sivyo". Fedha zimetumika ndivyo sivyo, dawa zimetumika ndivyo sivyo. Ni ya kawaida kwenye magazeti na inaeleweka, lakini inafaa kwa matumizi mabaya ya kitu, si kwa tabia mbele ya mtu. "Alimsalimia mkwewe ndivyo sivyo" haisimami.

Na kwenye ripoti ya nidhamu, shauri langu ni kukitupa kielezi kabisa na kuandika kilichotokea. "Alimjibu msimamizi kifidhuli" ni hukumu yako. "Msimamizi alipomwita, hakugeuka, alipoitwa mara ya pili, alisema 'Sina muda na wewe'" ni taarifa. Aliyeshtakiwa anaweza kupinga neno kifidhuli siku nzima. Maneno aliyoyasema ni vigumu kuyapinga.

Jicho la Tatu

Wadau, hakuna aliyegusa kishenzi kwa undani. Watu wengi huliweka pamoja na kihuni.

Msahihishaji

Kwa sababu lina uzito wake, nililiacha makusudi. Mshenzi ni kinyume cha mstaarabu, na jozi hiyo ina historia ya pwani. Ustaarabu umetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Mshenzi lilikuwa jina walilopewa watu wa bara na wenyeji wa pwani waliojiona waungwana, na katika karne ya 19, wakati wa misafara ya biashara, ndilo lililotumika kumtenga mtu wa bara aliye nje ya desturi za mji na za Kiislamu. Wakoloni wakalichukua, wakalitumia kama tusi kwa Mwafrika yeyote. Kwa hiyo unapoandika "alitenda kishenzi" hutaji kosa tu. Unachukua kipimo cha mtu wa mji na kumpimia mtu asiye wa mji.

Kwenye hadithi, mhusika anaweza kulisema, maana kauli ni yake. Msimulizi au mwandishi wa habari akilitumia kwa sauti yake mwenyewe, amechagua upande. Ndivyo ninavyolihariri mimi: naliacha ndani ya alama za kunukuu, nje yake nalibadilisha.

Kalamu ya Mwanzi

Hapo nakuunga mkono kabisa, na si peke yake. Kishamba linamtukana mkulima ili kusema mtu hajui desturi za mjini. Kiswahiliswahili, kwa maana ya ujanja na ubabaishaji, linawatukana wenye lugha. Kienyeji lilikuwa neno jema, namna ya mwenyeji, sasa watu wanasema "kazi imefanywa kienyeji" wakimaanisha bila utaalamu. Kiwendawazimu linamwumiza mgonjwa asiyehusika. Kila moja kati ya haya lina mbadala unaotaja kosa lenyewe: ukosefu wa utaalamu, ubabaishaji, kutojali, fujo.

Jicho la Tatu

Nimewaelewa. Ila vijana wanasema "baridi kishenzi", "amechoka kinyama", "nampenda kichizi", "mkali kinoma". Hapo hakuna tusi.

Bi Sarufi

Hakuna, kwa sababu neno limehama kazi. Limeacha kueleza namna na kuwa la kiwango, sawa na "sana" au "mno". Kipimo chake ni rahisi: weka "mno" mahali pake. "Baridi mno", imekubali. "Walimpiga mfungwa kinyama" ikigeuzwa "Walimpiga mfungwa mno" nayo imekubali, lakini maana ya ukatili imepotea, kwa hiyo pale kinyama bado ni kielezi cha namna.

Tazama pia kinachotangulia. Kikifuata kivumishi au kitenzi cha hali (kuchoka, kupenda, kushiba) karibu kila mara ni kiwango. Kikifuata kitenzi cha tendo dhidi ya mtu, ni namna. Tatizo ni vitenzi vya katikati. "Beki alicheza kinyama": alicheza vizuri mno, au aliwaumiza wenzake? Kwenye maandishi sauti haisaidii, kwa hiyo andika upya.

"Vibaya" nalo limehama, na ndilo linalochanganya zaidi. Ameumia vibaya: kwa kiasi kikubwa. Amenielewa vibaya: kimakosa. Alimtazama vibaya: kwa chuki. Aliimba vibaya: chini ya kiwango. Maana nne, na hakuna hata moja iliyo lazima ya utovu wa adabu. Ndiyo sababu "vibaya" ni kielezi dhaifu sana unapotaka kuzungumzia tabia.

Mfasiri wa Usiku

Na upande wa ovyo? Ninaona ovyo, ovyoovyo, kiholela, shaghalabaghala, hobelahobela.

Kalamu ya Mwanzi

Haya ni ya kukosa mpango; adabu huingia kwa mlango wa nyuma. Ovyo ni pana: kutupa taka ovyo, kuongea ovyo, kulala ovyo. Kiholela ni bila kibali au utaratibu: kujenga kiholela, kupandisha bei kiholela. Shaghalabaghala hutazama hali ya vitu baada ya kitendo, vimetawanyika bila mpangilio. Ni vya chumbani na mezani zaidi kuliko vya mdomoni. Hobelahobela ni kufanya mradi kufanya. Tahajia: utakutana na ovyo na hovyo. Chagua moja, ishikilie matini nzima.

Ila nina jambo kubwa zaidi la kusema kuliko orodha. Kiswahili hakitegemei vielezi kwa kazi hii kama watu wanavyodhani. Kina vitenzi ambavyo ukali umo ndani yake tayari:

kuongea ovyo bila kufikiri – kuropoka
kuongea kwa sauti bila staha – kupayuka, kubwata
kujibu kwa hasira na sauti ya juu – kufoka
kuingilia maneno ya mwenzako – kudakia
kula kwa pupa – kufakamia, kubugia
kuonyesha dharau kwa mlio wa mdomo – kusonya, kufyonya
kudharau kwa maneno – kubeza, kukebehi
kufanya kazi haraka na vibaya – kulipua

Linganisha "Alikula chakula kwa pupa bila adabu" na "Alifakamia chakula". Ya pili ina maneno mawili na haikosi kitu. Mwandishi anayetafuta kisawe cha kielezi mara nyingi kitenzi chake ndicho kilichochoka. Na ukishatumia kufoka, usiongeze "kwa hasira". Ukishatumia kuropoka, usiongeze "ovyo". Imo.

Msahihishaji

Hili lipigiwe mstari. Nitaongeza nafasi ya kielezi kwenye sentensi, kwa kuwa hapo ndipo hata wazoefu hukosea.

"Aliwafukuza wageni waliokuja usiku kihuni."

Nani alikuwa mhuni, mfukuzaji au wageni? Kielezi kimekaa jirani na "waliokuja", kwa hiyo msomaji atawalaumu wageni. Kirudishe karibu na kitenzi chake: "Aliwafukuza kihuni wageni waliokuja usiku." Kanuni ya kazi: yambwa (yaani anayetendewa) ikiwa fupi, kielezi kinaweza kuifuata ("alimjibu mama kijeuri"), yambwa ikibeba kishazi cha amba- au cha kirejeshi, kielezi kitangulie.

Angalia pia ki- ya udogo. "Kitoto kililia" ni mtoto mdogo. "Alilia kitoto" ni kielezi. Upatanisho wa kitenzi ndio unaotenganisha, kwa hiyo ukikosea kiambishi umebadilisha aina ya neno.

Jicho la Tatu

Basi naomba tulijaribu kwa aya moja. Hii imeandikwa kwa makusudi na makosa yote mliyotaja:

"Kijana aliingia vibaya ofisini. Katibu alipomwambia asubiri, alimjibu kwa kihuni. Alikaa vibaya kwenye kiti, akala karanga ovyoovyo na kutupa maganda kinyama. Mkurugenzi alipotoka, kijana alimsemesha kishenzi."

Bi Sarufi

Tuanze na "aliingia vibaya". Kosa ni nini? Bila kubisha hodi. Basi liandikwe. "Kwa kihuni" ni mrundiko, halafu kuna agizo lililotangulia, kwa hiyo ni kijeuri. "Alikaa vibaya" haionyeshi kitu. Weka mwili uonekane. Karanga zina kitenzi chake. Maganda hayana aliyeteswa, kinyama haina kazi, hapo ovyo inatosha. Kwa mkurugenzi inategemea alisema nini: akimdharau ni kifidhuli, akimtukana ni kisafihi, akijifanya anajua kazi kumzidi ni kijuvi.

"Kijana aliingia ofisini bila hodi. Katibu alipomwambia asubiri, alimjibu kijeuri kwamba hana muda. Akajitupa kitini, miguu juu ya meza, akawa anabugia karanga na kutupa maganda ovyo sakafuni. Mkurugenzi alipotoka, kijana alimwambia kijuvi jinsi ofisi inavyopaswa kuendeshwa."

Msahihishaji

Ningepinga sehemu moja tu, Bi Sarufi. "Alimjibu kijeuri kwamba hana muda" ina kielezi na ina maneno yenyewe. Maneno yakiwa makali ya kutosha, kijeuri kinaweza kutoka: "Katibu alipomwambia asubiri, alisema hana muda wa kusubiri mtu."

Bi Sarufi

Kikitoka, ukaidi unabaki lakini sauti inapotea. Mtu anaweza kusema hana muda kwa upole. Kama msomaji amekwisha kuisikia sauti hiyo kwenye miguu juu ya meza, kitoe. Ila katika mpangilio huu miguu inakuja baada ya jibu, kwa hiyo mimi nitakiacha, au nitaitanguliza miguu.

Msahihishaji

Itangulizwe miguu. Akae kwanza, katibu amwambie atoke akasubiri nje, ndipo ajibu. Kijeuri hakitahitajika.